Jinsi Mfalme wa Cheche Alivyomlilia Adui na Kuyakabili Masufuria

Tegeni masikio, enyi mlioketi na enyi mlioegemea ukuta, na wewe unayeperuzi simu huko nyuma, iweke kifudifudi, maana habari hii haisikilizwi nusunusu. Nasimulia vita vya Jumapili mchana, vilivyopiganwa sebuleni mbele ya runinga, na jinsi Fundi wa kuchomelea, Mfalme wa Cheche, Mvunja Kutu, baba ambaye kauli yake nyumbani haikuwahi kukatiwa rufaa, alivyoangushwa na mtu asiyekuwepo duniani.

Ijulikane kwamba katika nyumba ile palikuwa na sheria, na sheria hiyo aliitunga Fundi kwa kinywa chake mwenyewe: wakitazama filamu, atakayemhurumia adui ataosha vyombo. "Steringi ni steringi na adui ni adui!" alikuwa akinena, kidole juu. "Mtu kachoma nyumba za watu, wewe unaniambia alinyanyaswa utotoni. Nani hakunyanyaswa?" Kwa sheria hiyo mkewe aliosha, binti yake akaosha, hata nduguze waliokuja kusalimia tu wakaosha, ila mikono ya Fundi haikugusa povu. Tena alikuwa akipita jikoni kuwakagua, jamani, mtu mzima yule!

Ijulikane pia kwamba siku zile binti alikuwa kifungoni. Yeye na babaye walikuwa wakiweka lango nyumbani kwa Mwenye Bucha, baba akaondoka kidogo kufuata vyuma. Nyuma yake binti akavaa kofia ya kuchomelea, akawasha mashine, akamaliza kazi peke yake. Akaunga kwa mstari ulionyooka, wa kupendeza, ila aliunga na komeo humohumo kwenye nguzo, lango likagoma kufunguka. Mwenye Bucha, mtu mzito, ikambidi atoke kwake kwa kupanda ukuta, tumbo likitangulia, majirani wakishangilia. Fundi aliporudi hakuuliza neno. "Usikanyage tena karakana yangu," akasema, basi. Na binti yule hakupenda kitu duniani kama kazi ile. Tangu hapo alizunguka nyumbani akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, moyo unamuuma.

Sasa njooni kwenye uwanja wa vita. Ndani ya filamu, adui alikuwa amefunga mabomba ya mji mzima, watoto wanalia kiu, na Fundi alikuwa amesimama nusu kwenye kiti akimpigia kelele steringi: "Mkamate! Mkamate huyo shetani!" Ndipo filamu ikarudi nyuma miaka mingi, ikamwonyesha adui akiwa kijana, nyumba yake inaungua, mtoto wake yumo ndani, naye anakimbia mlango kwa mlango na ndoo tupu. Kila mlango ukafungwa. Wakamwita kichaa. Hakuna aliyemuuliza maji ni ya nini.

Hapo Fundi akaketi. Chozi likaanza safari, naye akalipinga kwa kila silaha aliyopewa na Mungu: akakohoa, akakuna pua, akaikagua dari kana kwamba inavuja. Chozi likasonga mbele, likavunja ngome ya kope, likateremka shavuni hadharani.

"Mume wangu," akasema mkewe, kwa utamu wa mtu aliyeingoja siku hiyo, "hicho ni nini shavuni?"

"Jasho."

"Siku hizi jasho linatokea jichoni?"

"Ni moshi wa karakana."

"Leo Jumapili, baba watoto. Karakana imefungwa."

Basi shujaa akainuka, akavuta suruali, akahutubia. "Nisikilizeni! Mimi simtetei yule. Kuwafungia watu maji ni unyama, na wale watoto hawakumkosea kitu. Lakini kumwonea huruma si kumpigia makofi! Mngepungukiwa nini, enyi wenye milango, mmoja wenu, mmoja tu, angemuuliza, bwana wee, maji ya nini?"

"Umenena kama hakimu," akasema mkewe. "Sinki lile pale."

Fundi akaenda. Sheria ni msumeno. Akazivamia sahani, akazishinda. Akavipiga vikombe, vikasalimu amri. Lakini sufuria kubwa iliyoungua chini ikasimama kidete, na Mvunja Kutu akapaza sauti aletewe mashine ya kusagia chuma. Mkewe akajibu kutoka sebuleni kwamba mashine hiyo haitaingia jikoni kwake akiwa hai. Binti akaja na kitambaa kukausha vyombo.

"Baba," akasema, bila kumtazama, "yule umemsikiliza mpaka umelia, na hata hayupo. Mimi nipo hapa."

Mkono wa Fundi ukasimama ndani ya sufuria. Aliona aibu, tusifichane, aibu ya kweli.

"Haya," akasema. "Kwa nini uliwasha mashine?"

"Nimechoka kukushikia chuma. Tangu mdogo nakushikia tu. Nilitaka urudi ukute limekwisha, uulize nani kafanya hivi, niseme ni mimi."

"Limekwisha kweli! Hata nyundo ilishindwa." Fundi akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Unajua nililikata mpaka mabega yakauma? Pale ulipounga palikataa kuachia. Pamekaza, mwanangu. Lakini ni kosa."

"Ni kosa, baba. Nitakwenda kumwomba radhi Mwenye Bucha."

"Tutakwenda wote, mimi ndiye niliyekuacha peke yako na mashine." Akarudi kusugua, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa: "Kesho asubuhi vaa viatu vya kufunika vidole. Sitaki mtu wa ndala karakanani kwangu."

Basi waandishi wa zama waandike, na asiyejua kuandika akariri: siku ile Mfalme wa Cheche aliuliza "kwa nini" moja, akangoja jibu, na wala paa la nyumba halikuanguka. Iliyoanguka ni sufuria, kwa kuwa binti alimrukia babaye shingoni, na mikono ya baba ilikuwa na povu. Ikabonyea ubavu mzima. Mkewe akaja mbio, akaiokota, akaigeuzageuza, akatangaza kwamba hana wasiwasi wowote, fundi wa kuinyoosha yumo humu ndani, tena siku hizi wako wawili.