Kamba ya Juani

Alhamisi, 4 Septemba

Ieleweke na wote watakaokuja baada yangu: leo jioni familia hii imerejea mjini salama salimini, na kamba yetu ya kuanikia nguo imevamiwa.

Huku paani kuna kamba mbili. Moja iko nyuma ya tangi la maji, kivulini, ambako soksi hukauka kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Ya pili iko juani. Hiyo ndiyo yetu, tumeanikia hapo tangu tuhamie. Tumekwenda likizo ndefu kwa mama mkwe, tumerudi, nimepanda kuisalimia kamba, nimekuta mashuka meupe. Ya mkunga wa ghorofa ya pili.

Mke wangu anasema mkunga ni mtu mwema, alitumwagilia maua muda wote tulipokuwa hatupo. Nikamwambia adui hodari huanzia kwenye maua. Akaniambia nifungue mabegi.

Nyumba inanuka kufungwa. Binti yangu amezunguka vyumba vyote akiuliza uwanja wa kwa bibi umehamia wapi. Mdogo wake kalala juu ya begi lenye taulo zote.

Ijumaa, 5 Septemba

Fundi kaleta sare ya shule. Jumatatu binti anaanza darasa la kwanza. Sare ni moja. Ya pili wiki ijayo, kasema fundi, kwa namna mafundi wanavyosema wiki ijayo. Mtoto kaivaa mchana kutwa, kapiga gwaride ukumbini, kakataa kukaa chini isije ikakunjika. Nilikohoa kidogo nikaenda dirishani kuangalia barabara.

Kuhusu kamba: niliamka alfajiri niwahi. Nimemkuta mkunga keshaanika. Usiku anazalisha, alfajiri anafua. Huyu mtu halali. Kanisalimu, kauliza hali ya mama mkwe, kasema naona kule mlikula, baba, shingo imejaa. Nikarudi na beseni langu kivulini. Nimeshindwa kwa heshima zote.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo akili imefunguka. Ofisini kwetu mtu akitaka kiti hakikalii, anatundika koti lake. Kamba nayo ni kiti.

Lakini nikitundika nguo zetu mkunga atazitambua. Chini ya kitanda kuna sanduku la ujana wangu. Kabla ya harusi mke wangu alisema sanduku lile likagawiwe, hataki hata kujua ndani mna nini. Nikasema limegawiwa. Mna suruali tano zenye miguu mipana kama kengele, na mashati, moja lina tausi kifuani na mwingine mgongoni.

Nimezipandisha ndani ya shuka. Nimezinyunyizia maji zionekane zimefuliwa. Nimejaza kamba, ncha hadi ncha, kisha nikakaa nyuma ya tangi na gazeti. Mkunga kaja na beseni, kawatazama tausi, tausi wakamtazama, kaenda kuanika kivulini.

Nimekula chakula cha usiku kwa utulivu mkubwa. Mke wangu kauliza ninachekea nini. Nikasema familia ni baraka.

Jumapili, 7 Septemba

Siku mbaya.

Asubuhi binti alivaa sare kidogo tu, kuizoea. Mdogo wake akamkumbatia. Mkononi alikuwa na yai bichi. Wapi kalitoa, Mungu anajua. Mama yao kafua hapo hapo, kapanda paani jua likiwaka.

Mimi nilikuwa kwa kinyozi. Kurudi alasiri, nakuta sare ndani ya beseni, imekamuliwa, imelala. Mke wangu anasema kamba zote zimejaa. Ya kivulini ni mashuka ya mkunga. Ya juani ina nguo za mtu asiyemjua, mpangaji mgeni bila shaka. Nguo za mtu huwezi kuzishikashika. Halafu kwa mavazi yale, akasema, maskini, pengine ni mzee aliyefiwa na mke na hana wa kumshauri.

Binti alikuwa kachuchumaa kando ya beseni. Aliniuliza kama shuleni wanapokea watu waliolowa.

Nikasema nitapanda nikazungumze na huyo bwana. Kwa ukali ikibidi. Nimezungumza naye. Nimekusanya nguo zake zote kifuani, nimetundika sare, na jua likaingia nyuma ya jengo la jirani. Sare ikaning'inia pale ikidondosha matone.

Kugeuka, mkunga huyu hapa, kaja kuanua. Kamtazama tausi wa kifuani. Kanitazama mimi.

"Kumbe mgeni mwenyewe ndiye wewe, baba."

Hakucheka, na afadhali angecheka. Kachukua sare, kasema kwake kuna feni kubwa na pasi, mtoto asilale na wasiwasi. Nikamwomba asimwambie mke wangu. Akasema siri za waume keshazisikia nyingi wodini, hii ni ndogo. Kisha akaomba lile furushi. Anahitaji matambara.

Jumatatu, 8 Septemba

Sare imeletwa kabla ya chai, imenyooka kuliko ilivyotoka kwa fundi. Binti kashuka ngazi ameshika mkono wa mama yake, mgongo wima, hakugeuka. Nilibaki na mdogo mlangoni. Yeye alilia. Mimi nilikuwa nimeingiwa na kitu jichoni.

Ghorofa ya pili imepigwa deki. Kwa tausi.

Nimetafakari. Mpango haukuwa na kasoro, kasoro ilikuwa ni mashati. Wiki ijayo nitatumia blanketi. Blanketi halimtii mtu huruma.

Jioni nikamgusia mke wangu, kwa mbali, kwamba kamba yetu ya juani lazima tuilinde. Akaacha kukunja nguo. Kamba ile ni ya mkunga, akasema. Aliinunua na kuifunga mwenyewe kabla hatujahamia, na tulipofika akasema anikeni tu, mna mtoto mchanga. Yetu ni ile ya nyuma ya tangi.

Sawa. Basi kinachotunyima jua ni tangi. Kesho nitapanda nione kama linaweza kusogezwa.

Jumanne, 9 Septemba

Tangi ni la zege.