Siku Nilipovivalisha Vitabu Mifuko ya Saruji

Jamani, aibu niliyoipata leo haienei kwenye gunia. Nawaandikia nikiwa nimekaa sakafuni, masikio bado ya moto.

Kwa wasiojua: najitolea kutunza maktaba ya shule moja ya msingi huku nje kidogo ya Tabora mjini. Nina kidato cha nne (matokeo yake tusiyazungumzie). Maktaba yenyewe ni chumba kimoja, makabati mawili na madawati machache. Walimu wananiita Funguo, kwa sababu kazi yangu kubwa ilikuwa kufunga.

Sasa Mwalimu Mkuu anakitaka chumba. Mahindi ya uji wa watoto yamerundikwa kwenye korido, panya wanajilia tu. Wiki iliyopita aliniambia, "Zakaria, chumba kinachofunguliwa Ijumaa kwa Ijumaa si maktaba. Ni ghala lisilo na mahindi." Ikaamuliwa Afisa Elimu Kata aje leo aone kama kweli watoto wanajifunza humo. Akiridhika, vitabu vinabaki. Asiporidhika, magunia yanaingia, vitabu vinakwenda kwenye maboksi, na mimi narudi Kaliua kumsaidia baba kuchuma tumbaku.

Aliyejitosa kuniokoa ni Mwalimu Tausi, anayefundisha historia darasa la sita. Akasema somo lake la leo, safari za misafara kutoka pwani kupita hapa Tabora hadi Ujiji, atalifundishia maktaba. Juzi akaja mlangoni.

"Zakaria mdogo wangu, kesho tukae nusu saa tupange. Mimi nikuambie ninachofundisha, wewe uniambie ulicho nacho."

Nikajibu kama bwana mkubwa: "Dada Tausi, wewe shughulika na somo. Upande wa maktaba niachie mimi."

(Niachie mimi! Maneno hayo yameua wengi.)

Mimi nilidhani kumsaidia mwalimu ni usafi. Nikafagia. Nikafuta vioo. Halafu nikavitazama vitabu: kimoja kimechanika jalada, kingine kina doa la chai, kingine kimechorwa masharubu. Mgeni avione hivi? Hapana! Mafundi wanaojenga choo kipya walikuwa wametupa mifuko ya saruji, na mnajua ile karatasi ya ndani ilivyo safi, rangi ya kaki. Nikaikusanya yote. Jana kutwa nzima nikakaa nakava. Kitabu baada ya kitabu, kona zimekunjwa vizuri, gundi ya unga. Jioni nikasimama mlangoni kuangalia kazi yangu. Makabati mawili, vitabu vyote sare, vimenyooka kama askari wa gwaride. Machozi yalinilengalenga, nisiwadanganye.

Majina ya vitabu sikuandika. Niliona yataharibu mpangilio.

Leo saa nne mgeni akafika. Darasa la sita likasimama: "Shikamoo mgeni wetu!" Akaitikia, "Marahabaa, kaeni." Akakaa nyuma na Mwalimu Mkuu. Akayatazama makabati, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi kifua mbele.

Mwalimu Tausi akaingia, mgongo kwenye makabati, akaanza moja kwa moja. "Makundi matatu kama nilivyowaambia jana. Kundi la kwanza, kitabu chekundu, mtafute wapagazi walikula nini njiani. La pili, kitabu cha bluu chenye picha ya ngoma, walipumzika wapi. La tatu, kile cha kijani, walibeba nini. Haya, nendeni."

Nikayatazama makabati yangu: kaki tupu, juu hadi chini.

Watoto wakaenda. Wakasimama. Wakazunguka kabati la kwanza, wakazunguka la pili. Mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, vyekundu viko wapi?"

Mwalimu Tausi akageuka. Akayaona makabati. Akaniona mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu nilipomwagia baba mafuta ya taa kwenye uji.

"Zakaria," akasema polepole, "vitabu vimefanya nini?"

"Nimevikava, mwalimu."

"Vyote?"

"Vyote, mwalimu. Tuliobaki bila kava ni sisi tu."

Mtoto mmoja akachomoa kimoja na kutangaza, "Sisi tumepata ufugaji wa kuku!" Mwingine, "Hiki ni cha hesabu!" Mwingine akapiga chafya tatu mfululizo, vumbi la saruji. Mwalimu Mkuu akaangalia korido kwenye magunia yake, na nawaapia, alitabasamu.

Lakini Mwalimu Tausi si mtu wa kuanguka ovyo. Akapiga makofi mawili. "Sikilizeni! Leo hatutafuti kwa rangi. Kila mmoja achukue kitabu, afungue kurasa za mwanzo. Mnaona palipoandikwa Yaliyomo? Pitisheni kidole. Msafara, wapagazi, Unyanyembe, Ujiji. Hakuna? Rudisha, chukua kingine." Akanigeukia. "Na wewe Zakaria usisimame kama nguzo! Vyenye faharasa mwishoni unavijua, waoneshe."

Hicho kweli nakijua. Nikaruka! Nikawaonesha jinsi ya kutafuta neno kwa herufi. Nikaokota penseli, kila kitabu kilichotambulika nikakiandika jina. Mwalimu anauliza swali, mimi nachomoa kitabu, watoto wanasoma. Chumba kikawa kama mnada! "Mwalimu, walibeba pembe na nguo!" "Mwalimu, humu wamesema walikula ugali wa mtama!" Miaka miwili nimetunza vile vitabu, sijawahi kuviona vimefunguliwa vingi hivyo kwa wakati mmoja. Afisa akainuka kitini na kuanza kupita kati ya madawati. Nikasema moyoni, tumepona.

Hatukuwa tumepona.

Milembe, kiongozi wa kundi la tatu, binti mwenye sauti ya kusoma kanisani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sisi tumepata cha zamani sana. Kimeandikwa kwa mkono. Huyu mtu anasema amesafiri kutoka Kaliua hadi Tabora."

"Vizuri sana!" Mwalimu Tausi akafurahi. "Maandishi ya mkono ni adimu. Soma kwa sauti, mgeni wetu asikie."

Kwa mkono? Mbona maktaba hatuna...

Mayo, mama yangu!

Ni daftari langu. Katika kukava kwangu nililikava nalo. Daftari ambalo huwa naandika hotuba nitakazotoa siku nikiwa mtu mkubwa. (Ndiyo, naandika. Kila mtu ana udhaifu wake.)

Nikataka kuruka dawati. Milembe tayari alikuwa amesimama, mgongo wima:

"Mheshimiwa Rais. Nilisafiri kutoka Kaliua hadi Tabora nikiwa na begi moja. Leo unazindua maktaba ya ghorofa tatu yenye jina langu. Hapa wapige makofi."

Darasa zima likapiga makofi.

Mwalimu Tausi akasema, "Basi, Milembe, inatosha..." Afisa akainua mkono: "Mwache aendelee."

"Namsamehe Mwalimu Mkuu, aliyetaka kunijazia mahindi. Namsamehe pia Afisa Elimu Kata, ambaye kila akija shuleni haijui maktaba, anaijua njia ya jikoni tu. Makofi."

Wakapiga. Wale watoto ni watiifu kupita kiasi.

Afisa akauliza, "Mwandishi wa chanzo hiki yupo hai?"

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Yupo, mzee. Kwa sasa."

Akalichukua daftari. Akasoma mwenyewe ule mstari. Akavua miwani, na mabega yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Jikoni kwenu wanapika vizuri, nifanyeje?" Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Watoto wangapi wa darasa la sita kwenye kata yangu wanajua kutumia faharasa? Hawa wamejifunza leo mbele ya macho yangu. Mahindi yatafutie pengine." Mwisho akatutazama sisi wawili. "Ninyi, somo hili mlilipanga pamoja?"

Mwalimu Tausi akanitazama. Ningeweza kudanganya. "Hapana, mzee. Alinitaka tukae. Nikamwambia aniachie mimi."

"Basi kila Alhamisi mkae. Nikija tena nataka kuona daftari la mipango yenu. La mipango, kijana."

Sasa hivi tunabandua kava, Mwalimu Tausi upande ule na mimi upande huu. Nimejifunza: ukitaka kumsaidia mwalimu, kwanza muulize anafundisha nini.

Msicheke sana. Mama yumo kwenye hili grupu. Yeye ameelewa kwamba hotuba ya mwanawe imesomwa mbele ya mkubwa na watu wakapiga makofi, na ameshaitangazia jumuiya nzima. Naomba sana asitokee mtu wa kumwelewesha.