Marufuku Kutangulia

"Kuanzia Jumatatu," alitangaza Mkurugenzi wa Idara ya Makaburi na Kumbukumbu, amesimama kwenye ngazi za ofisi na kipaza sauti mkononi, "hakuna marehemu yeyote atakayeruhusiwa kulala, kupumzika, kutangulia wala kututoka bila kibali cha maandishi!"

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa sababu alikuwa amenyamaza, na mkubwa akinyamaza ni vizuri kumtia moyo aendelee hivyo hivyo.

Mkurugenzi huyo wafanyakazi wake walimwita Bwana Nukta. Barua isiyo na nukta mwishoni aliirudisha ilikotoka, hata kama ilikuwa inamwarifu kwamba stoo inaungua. Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mwema, anayefua soksi zake mwenyewe, na moyoni alikuwa na uchungu mmoja tu: kule makaburini watu walijiandikia wanavyotaka. Siku moja alipita kaburi kwa kaburi na kalamu nyekundu, akarudi nyumbani na homa.

"Hapa amelala mama yetu," lilisema jiwe moja. Amelala? Sheria ndogo za manispaa zinakataza mtu kulala kwenye ardhi ya umma, tena bila kutaja ataamka lini. "Pumzika kwa amani," lilisema la pili. Likizo hiyo iliidhinishwa na nani? "Ametutoka," lilisema la tatu, na Bwana Nukta akajiuliza huyo ndugu ametoka kupitia geti lipi, maana mlinzi hakumwona. Lililomuuma zaidi ni lile la "Ametangulia." Yaani watu wazima wameketi kwenye foleni wanangoja zamu yao kwa adabu, mtu mmoja anawapita wote, halafu anachongewa jiwe la kumsifu!

Ndipo ikaundwa Kamati ya Maneno ya Mwisho. Mwenyekiti alikuwa Bwana Nukta. Mjumbe alikuwa Naibu wake, bwana mnene, mpole, aliyepanda vyeo vyote vya maisha yake kwa sentensi moja: "Naunga mkono hoja." Hakuwahi kusema kingine ofisini. Mkewe anadai hata siku ya kumposa alisubiri yeye mke alete pendekezo.

"'Ameacha pengo lisilozibika,'" Bwana Nukta alisoma, akavua miwani. "Naibu, hili ni shimo. Mtu ameacha shimo wazi kwenye ardhi ya manispaa na familia inakiri kwa maandishi. Nakataa."

"Naunga mkono hoja."

"'Tutakukumbuka daima.' Daima ndiyo lini? Muda utajwe. Nakataa."

"Naunga mkono hoja."

Mpaka wanakwenda kunywa chai, lugha ya kuombolezea ilikuwa imekwisha yote. Yalibaki maneno mawili tu yasiyo na dosari, nayo Bwana Nukta aliyatunga mwenyewe: ALIFUATA UTARATIBU. Wakayaweka kwenye Mwongozo, wakaongeza na kifungu cha kuwahimiza wananchi: kaburi litakalokutwa halina jiwe lenye kibali ifikapo siku ya uzinduzi litahesabiwa kiwanja wazi, na atapewa marehemu mwingine anayelihitaji.

Kifungu hicho ndicho kilichomleta ofisini Mama Cherehani. Mama huyu alikuwa mshonaji, na mumewe, aliyefariki juzi juzi, alikuwa fundi saa. Tena fundi hasa! Saa iliyoshindikana mjini kote ilikuja kwake ikapona. Yeye mwenyewe sasa, hakuwahi kufika popote kwa wakati. Harusi yake alichelewa, mtoto wake wa kwanza alimkuta anatambaa. Kwenye mlango wa kibanda chake kulining'inia kipande cha boksi alichokiandika kwa mkono: NAKUJA SASA HIVI. Wateja walizeeka chini ya boksi lile.

Mama Cherehani alisubiri kwenye benchi la ukumbini, chini ya dirisha la maombi lililokuwa limefungwa, mpaka dada wa dirishani aliporudi kutoka alikokuwa na kumpeleka mbele ya Kamati.

"Nataka jiwe dogo tu," alisema. "Jina lake, na chini yake iandikwe 'Nakuja sasa hivi.'"

Bwana Nukta aliweka kalamu mezani taratibu, kama mtu anayeweka silaha chini. "Mama, hiyo ni ahadi."

"Ndiyo, baba. Alikuwa anaahidi sana."

"Na haitekelezeki. Wananchi wakiisoma watakaa pale kumngoja. Asipokuja watailalamikia ofisi hii. Na akija, mama, ndiyo balaa kabisa. Hatuna fungu la mapokezi."

"Naunga mkono hoja," alisema Naibu.

"Kwa nini usiandike kwamba alifuata utaratibu?"

Mama Cherehani alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. "Yule? Baba, ukiandika hivyo watu watajua nimezika mtu mwingine! Yule aliishi miaka yote ananiambia anakuja sasa hivi, na mimi naweka chakula chini ya kawa. Nikilisoma jiwe hilo nitajua ni yeye. Kwani ninyi wenyewe si mmeyatundika maneno hayo hayo pale dirishani? Nimeyatazama tangu asubuhi."

Bwana Nukta alichungulia ukumbini. Hata Naibu alikosa cha kuunga mkono.

"Yale," alisema Bwana Nukta hatimaye, "ni ya serikali. Serikali ikisema inakuja sasa hivi, inakuja. Nakataa."

"Na kaburi lake?"

"Litapangiwa mtu mwenye utaratibu."

Mama akatoka bila kuaga. Bwana Nukta hakupenda mabishano. Jioni hiyo hiyo aliongeza kwenye Mwongozo Kifungu cha Kufunga Mjadala: maneno yakishachongwa kwa idhini ya Kamati ndiyo ukweli wenyewe, na hakuna jirani, ndugu wala mhusika mwenyewe atakayesikilizwa akiyapinga. Hilo la "mhusika mwenyewe" alilitia kwa ajili ya mdundo tu. Sentensi ilikuwa fupi.

Basi siku ya uzinduzi ikakaribia. Waziri alikuwa anakuja kufunua jiwe la mfano, na jiwe la mfano halikuwa na mtu. Familia zote zilizoombwa zilikataa ALIFUATA UTARATIBU. Kijana mmoja alisema baba yake angefufuka kwa hasira. Bwana Nukta alitafakari kutwa nzima, akaona mtu pekee nchini anayestahili maneno yale. Akamwita fundi mawe.

"Andika 'Hayati,' halafu jina langu, halafu cheo changu."

Fundi alijikuna shingo. "Hayati, mzee? Si la waliokufa hilo?"

"Waliokufa wa kawaida ni marehemu. Hayati ni la wakubwa. Tena neno lenyewe limetokana na uhai. Mimi ni mkubwa au si mkubwa?"

"Mkubwa, mzee."

"Na ni hai au si hai?"

Fundi akamtazama juu mpaka chini. "Mpaka sasa, naona."

"Chonga."

Siku ikafika. Makaburi yalifagiwa, viti vya plastiki vikapangwa, jiwe likafunikwa shuka jeupe na kuzungushiwa maua. Pembeni, mbele ya kaburi lisilo na jiwe, alisimama Mama Cherehani, kipande cha boksi la mumewe amekikumbatia kifuani, amekaza uso. Aliapa atakayekuja na koleo ataanza kumchimba yeye.

Waziri alikuwa hajawahi kuonana na Bwana Nukta. Waliandikiana barua tu, zenye nukta. Alivuta shuka, akasoma kwa sauti: "Hayati... Mkurugenzi wa Idara ya Makaburi na Kumbukumbu. Alifuata utaratibu." Akavua kofia. "Ndugu wananchi, kumbe! Na mimi sikuambiwa! Naomba tusimame tumkumbuke kwa ukimya."

Wote wakasimama. Bwana Nukta naye akasimama, akainamisha kichwa, kwani Mwongozo wake ulikataza kusema wakati wa ukimya. Ulipokwisha, alimsogelea Waziri.

"Mheshimiwa, samahani. Huyo hajafa."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye yeye."

Waziri akamshika bega. "Pole sana, mzee. Mlikuwa karibu?"

"Karibu sana, Mheshimiwa!"

"Inaonekana." Akamgeukia msaidizi wake. "Huzuni ni kitu kibaya. Hebu Mwongozo unasemaje mtu akipinga jiwe?"

Msaidizi akafungua, akasoma Kifungu cha Kufunga Mjadala, akasisitiza pale penye mhusika mwenyewe. "Na sahihi ni ya hayati," akamalizia.

"Alifikiria kila kitu," alisema Waziri, macho yakilengalenga. "Hatuwezi kuivunja kauli yake, hata mwili haujapoa. Naibu wake yupo? Mdogo wangu, napendekeza kwamba bosi wako amefariki, na kwamba wewe sasa ni Kaimu."

Naibu alimtazama Bwana Nukta, kisha akamtazama Waziri. Jasho likamtoka. Maisha yake yote yalikuwa yanamwandaa kwa hoja hii.

"Naunga mkono hoja."

Makofi yalikuwa bado hayajaisha Mama Cherehani alipojipenyeza mpaka mbele. "Kaimu, naomba jiwe la mume wangu liandikwe 'Nakuja sasa hivi.'"

"Naunga mkono hoja!"

Watu wakatazamana. Kisha vikasikika viti vya plastiki vikianguka, maana kila mtu alikuwa anakimbilia mbele. Familia moja iliomba jiwe la bibi yao lisomeke ZIMENI TAA, likapita. Waliotaka kulala walilala, waliotaka kutangulia walitangulia, na pengo lisilozibika likaruhusiwa kubaki wazi.

Jumatatu Bwana Nukta alikwenda ofisini kama kawaida. Mlinzi alimzuia getini kwa heshima zote.

"Pole kwa msiba, mzee. Ofisi ya hayati imefungwa. Mwananchi anapita dirishani."

"Nataka kumwona Kaimu dakika moja tu! Nikimwambia niko hai ataunga mkono, namjua!"

"Bila kupita dirishani haonwi mtu. Ni maagizo ya hayati."

Akaenda akaketi kwenye benchi la ukumbini. Dirisha lilikuwa limefungwa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Fundi aliyekuwa akiitengeneza ndiye huyo aliyezikwa juzi.

Baadaye kidogo akaingia Mama Cherehani, amekuja kuchukua kibali chake. Akaketi pembeni yake.

"Shikamoo, marehemu."

"Hayati," alimsahihisha Bwana Nukta.

"Samahani. Shikamoo, hayati."

"Marahaba."

"Umekuja na lipi?"

"Kibali cha kung'oa jiwe. Kosa dogo tu la matumizi ya neno."

Wote wawili wakainua macho. Kwenye kioo cha dirisha, kwa mwandiko mzuri wa serikali, wenye nukta mwishoni, palining'inia kibao: NAKUJA SASA HIVI.

"Atakuja," alisema Bwana Nukta, akanyoosha koti lake. "Yale ni maneno ya serikali."

Mama Cherehani akafungua chupa yake ya chai, akajaza kikombe, akampa.

"Atakuja, baba," alisema. "Hata wangu alisema hivyo hivyo."