Waraka wa Mayai ya Kipepeo

Halmashauri ya Wilaya ya Nether Coombe iliutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe mosi Februari, kipepeo angekuwa chini ya usimamizi wake kamili. Kwa maelfu ya miaka kipepeo huyo alikuwa akijiendea tu, bila mratibu, bila hata kamati ndogo. Aibu hiyo sasa ilikuwa imekomeshwa.

Aliyeikomesha ni Bwana Gerald Luscombe, Mratibu Mkuu wa Nyua na Viumbe Virukavyo. Katika miaka mitatu alikuwa amehudhuria vikao mia moja na kumi na viwili kuhusu yule kipepeo wa kahawia mwenye vijimkia, na kipepeo mwenyewe hakuwahi kumtia machoni. Hilo halikumnyima usingizi. Waraka Namba Nne ulikuwa kazi ya mikono yake, na alipokuwa peke yake ofisini aliusoma kwa sauti: “Ua wowote wa miiba wenye mayai, asisogee mtu ndani ya hatua kumi, hata mwenye ua, ila kwa kibali. Kibali kitatolewa ofisini, mkononi, na Mratibu Mkuu mwenyewe, wala si kwa simu.”

Ijumaa asubuhi, siku tatu kabla Waraka haujaanza kazi, Bi Dulcie Yeo aliingia ofisini humo na viatu vyake vya mpira, tope tele. Bibi huyu alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kila Januari aliukagua ua wa miiba wa ukingo wa msitu, pale Njia ya Pound, tawi kwa tawi, kioo cha kukuzia jichoni, akitafuta mayai meupe madogo kama chembe za chumvi. Kila alipoona yai alifunga uzi wa sufu nyeupe kando yake, ili watu wajue pa kutogusa.

“Gerald, kuna trekta la kufyekea limesimama Njia ya Pound. Nimefunga nyuzi arobaini na moja pale. Ndiyo mayai yote tunayoyajua bonde hili!”

“Bi Dulcie, Jumapili wanakuja majaji wa shindano la Kijiji Nadhifu. Ua ule umejaa manyuzi, utadhani kondoo kanyolewa gizani.”

“Hayo manyuzi ndiyo yanaonyesha mayai!”

“Na dereva nimemwagiza aanze na penye nyuzi. Ndipo pachafu zaidi.”

Bi Dulcie aliketi bila kukaribishwa. “Waraka wako mwenyewe unakataza.”

“Unaanza Jumatatu,” akasema Bwana Luscombe, kwa upole wa mwalimu wa chekechea. “Leo Ijumaa. Halmashauri haiwezi kufuata sheria kabla ya wakati wake. Biskuti?”

Biskuti hakuitaka. Alipofika Njia ya Pound trekta lilikuwa limemaliza, na ua umenyooka kama meza. Alipiga magoti topeni akiokota vipande vya matawi vyenye sufu, akalia waziwazi mbele ya dereva, naye dereva akazima injini asijue atazame wapi. Jumapili majaji wakakipa kijiji nafasi ya pili.

Kipepeo huyu hutaga kwenye vitawi vichanga, na mashine ikipita kila mwaka huondoka navyo vyote. Bi Dulcie akajiuliza: katika wilaya nadhifu kama hii, ni ua gani wa miiba haujaguswa miaka mitatu? Kila mtu alifyeka kwake. Hakuwapo mzembe, isipokuwa mmoja, aliyekuwa vikaoni.

Jumatatu asubuhi Bwana Luscombe alifungua pazia angali na nguo za kulalia. Ua wake, uliozunguka nyumba nzima na kulibana lango kushoto na kulia, ulikuwa mweupe kwa sufu. Nyuzi sitini na tatu. Barabarani walisimama Bi Dulcie na mwandishi wa gazeti la wilaya, ambaye Bwana Luscombe mwenyewe alikuwa amemwalika aje kupiga picha siku ya kwanza ya Waraka.

“Bi Dulcie! Toa huo uchafu!”

“Sina ruhusa ya kusogea. Nimesimama hatua ya kumi na moja, nimepima.”

“Nani kakuruhusu kuzifunga?”

“Nilifunga jana. Jana ilikuwa Jumapili.”

“Nina kikao saa tatu! Nitatokaje? Lango limo ndani ya hizo hatua kumi!”

“Omba kibali, mpenzi.”

“Kwa nani?” akafoka, na kabla hajafunga mdomo akakumbuka.

Mwandishi aliinua kamera, akapiga picha, kisha akatazama saa yake.

“Kwani huyo Mratibu Mkuu huwa anafika ofisini saa ngapi?”

“Huwa hachelewi,” akasema Bi Dulcie, akifungua chupa ya chai. “Tumngoje.”