Mpishi wa Nyambizi

Jumapili, 9 Novemba. Riyadh.

Habari kubwa! Bosi alikuwa anasikiliza redio garini. Kiarabu changu ni cha kuokoteza, lakini nilichookota kimetosha. Jeshi la majini la hapa linataka kununua nyambizi mpya. Wanatafuta vijana wa kuziendesha. Watafundishwa Jeddah.

Jeddah! Kwa Truphena wangu!

Mke wangu anafanya kazi ya nyumbani kule, analala kwa madam wake. Mimi ni dereva wa ghala hapa Al-Sulay. Nchi moja, na sijamwona uso kwa uso tangu mwaka jana. Ni simu tu. Simu haina mashavu.

Nimeamua. Nitakuwa mwanamaji.

Robinson, mlinzi wa lango letu, amecheka hadi akakohoa. Ati jeshi ni la wenye nchi, mgeni hata sufuria haruhusiwi kuosha. Wivu! Mjomba wake aliwahi kufanya kazi bandarini Mombasa, basi anajiona yeye ndiye bahari. Nimemuuliza: wanajeshi ni wao, sawa, lakini chai ataipika nani? Akanyamaza. Alikuwa anatafuna, lakini kunyamaza ni kunyamaza.

Jumanne, 11 Novemba.

Mazoezi yameanza. Kuna tatizo dogo: sijui kuogelea. Kwetu Mwingi maji husafiri kwa punda.

Nimetumbukiza kichwa ndani ya pipa la maji nyuma ya ghala, nizoee. Nilizoea vizuri mpaka nilipotaka kupumua. Sikio la kushoto limeziba kabisa. Jioni bosi alisema nimpeleke Al-Murabba. Nikampeleka Al-Malaz. Alinitazama tu kwenye kioo, kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa.

Jumatano, 12 Novemba.

Robinson amegeuka mtaalamu. Anasema maji si shida, shida ni kufungiwa. Nyambizi ni kopo, na samaki ni wewe.

Vyema! Mchana, wenzangu wakipumzika, niliingia kwenye kontena tupu nikavuta mlango. Komeo likaanguka lenyewe kwa nje. Giza. Joto la tanuri. Nilijiambia mwanamaji halii.

Nikalia.

Nilipochoka kulia nikaimba wimbo ambao mama alikuwa akiswagia punda kutoka kisimani. Niliuimba kwa nguvu zote. Aliyefungua mlango ni bosi mwenyewe.

"Titus! Unafanya nini humu?"

"Nyambizi, baba."

Alicheka akashikilia mlango asianguke. Nami nikacheka, kwa adabu. Halafu nikaona machozi yake si ya kicheko tena. Aliketi juu ya kreti, akaniambia habari ambayo hakuna mfanyakazi aliyeijua. Mwanawe Mishari amechaguliwa kwa mafunzo yaleyale. Anatakiwa kambini Jeddah kesho. Kijana hali, halali. Mama yake analia jikoni. Nyumba nzima, hakuna awezaye kutaja bahari bila sauti kutetemeka.

Nilimuuliza kwa nini asimpeleke yeye. Akasema angefika nusu ya njia, amwangalie mtoto, ageuze gari.

"Wewe ndiye pekee unayeitaka kazi hii," akasema. "Mpeleke. Zungumza naye njiani."

Mungu ni mwema! Nilimpigia Truphena mara moja. Ijumaa ni siku yake ya kutoka. Robinson ameninyooshea shati jeupe kwa pasi yake mwenyewe, bila kuombwa. Sijui niamini nini duniani.

Alhamisi, 13 Novemba. Jeddah.

Tuliondoka alfajiri. Mishari alikaa kiti cha mbele, kando yangu, akishika mkoba kama mtoto mchanga.

Nilimsifia nyambizi mpaka nikaishiwa. Madirisha makubwa! Samaki wa kila rangi! Akasema kwa upole kwamba nyambizi hazina madirisha. Hii ilinishtua, lakini niliendelea kuendesha.

Karibu na Makka kuna njia ya kuzunguka, ya sisi tusio Waislamu. Nilimwambia naweza kumtafutia gari lingine, yeye apite katikati, afike mapema. Akakataa. Alitaka tuzunguke pamoja.

Hapo ndipo aliponiuliza. "Ukifungiwa kule chini, ukaogopa, unafanya nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Nilipomtazama, ukanikwama. Nikamwambia ukweli: kwamba nililia ndani ya kontena, siogelei, na yote haya ni kwa sababu ya mwanamke mmoja. Kwamba niliimba. Woga haukuondoka, lakini ulikaa chini, ukaacha kunisukuma.

Akafikiri. Kisha akasema nimfundishe huo wimbo.

Basi tuliingia Jeddah, mimi na mtoto wa bosi, tukiswaga punda kwa Kikamba.

Langoni pa kambi alinikumbatia. Halafu nikamfuata ofisa nikiwa na shati langu jeupe, nikamweleza kuhusu chai. Ofisa alinisikiliza hadi mwisho, lazima nimpe heshima yake. Kisha: "Mafi. Halas. Yalla." Yaani hakuna, basi, nenda zako.

Mishari alikuwa keshaingia. Nilimsikia akiuimba ule wimbo wa punda. Sauti ilitetemeka, lakini miguu haikusimama.

Ijumaa, 14 Novemba.

Kandara, mtaa wa hapa Jeddah. Truphena alitokea upande wa duka la vitambaa, na mimi, niliyekariri maneno mazuri njia nzima, nikasema: "Umefika."

Amekonda. Anasema mimi nimenenepa. Alikuwa amebeba chapati alizozipika kabla madam hajaamka, bado zina joto la kifua chake. Tulikaa kwenye ngazi tukala. Nikamfunulia mpango wangu wote.

Akaweka chapati chini.

"Titus. Hiyo kitu inashinda chini ya maji miezi na miezi. Sasa Ijumaa mimi ningekuja kupungia nani, mawimbi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Alicheka, kisha akalaza kichwa begani pangu na kicheko kikageuka. Nikamshika. Watu wakapita. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Ndipo bosi akapiga simu. Mishari amezungumza na mama yake. Amekula! Amecheka! Na ameomba jambo moja: siku za kutoka kambini, Titus awe ndiye wa kumchukua. Bosi ana ghala dogo hapa Jeddah lisilo na dereva.

"Kaa huko," akasema. "Na mkeo msalimie."

Truphena alichukua simu akasema "shukran, baba" kwa niaba yetu wote.

Ijumaa, 28 Novemba.

Mpango wangu umefaulu, tena sawasawa na nilivyoupanga. Nimemweleza Robinson kwa simu. Kimya. Nadhani anajifunza.

Ila Truphena ameanza kutamani nyumbani. Anataka Krismasi na mama yake. Na Japheth, mpakiaji wa ghala hili jipya, amesikia kuna shirika linanunua ndege mpya na linatafuta watu. Ndege! Ndege hufika mpaka Nairobi! Abiria nao hunywa chai!

Tatizo dogo: naogopa urefu. Ninaandika haya nikiwa juu ya paa la ghala, nizoee. Japheth ameondoa ngazi kidogo, anabadilisha taa mahali. Amesahau. Simu nimeiacha chini ili mikono iwe huru.

Namwona Truphena anakuja na kikapu chake. Nimempungia.

Anadhani nasalimia. Amepunga, ameingia ndani kunitafuta.