Mtazamaji Mwaminifu wa Sinema Msafara

Wananchi wa Tabora walitangaziwa neema. Tangazo lilibandikwa kwenye lango la Sinema Msafara, likasomwa kwa spika za gari mtaa kwa mtaa mpaka Ipuli, na likagongwa muhuri mara tatu ili asitokee mtu wa kulitilia shaka. Lilisema kwamba Mamlaka ya Burudani Kanda ya Magharibi, kwa kifupi MABUKAMA, baada ya utafiti wa kina, semina nne na ziara moja ya mafunzo, imeridhia kuanzisha Mpango Shirikishi wa Tuzo kwa Mtazamaji Mwaminifu. Kila atakayeangalia filamu atagongewa muhuri kwenye kadi. Muhuri mmoja ni pointi moja. Pointi kumi, soda. Pointi ishirini, soda na bisi. Pointi arobaini, Siku ya Mteja: mtazamaji atachagua filamu yoyote aitakayo, hata zile za zamani zilizomo ghalani, aoneshwe yeye na jamaa zake bure.

Uzinduzi ulifana. Meneja wa sinema, Bwana Abasi, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora kwa uhamisho, na ambaye tangu ashuke kwenye treni hakuacha kuulizia uhamisho wa kurudi, alihutubia kwa saa moja na dakika hamsini. Alisema uaminifu ni nguzo. Alisema sinema bila uaminifu ni ukuta mweupe tu. Watu walipiga makofi kwa moyo wote, kwa kuwa pilau ilishaanza kunukia.

Katika umati ule alikuwemo Adinani, fundi cherehani, mshona kanzu na sare za shule. Hotuba yote ilimwingia huku ikamtokea kule. Neno moja tu lilimganda, nalo ni ghala, maana ndani ya ghala la Sinema Msafara alikuwemo baba yake.

Si mzima, la. Mzee Mfaume alizikwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Lakini zamani, kabla Adinani hajazaliwa, gari la kupiga filamu lilikuja stesheni likawapiga picha wapakizi wa nta na asali, na mmoja wao alikuwa Mfaume, kijana mbichi, ana bonge la nta begani. Aligeuka akaichekea kamera. Filamu ile ilioneshwa kiwanjani mara moja, kwenye shuka, kisha ikafungiwa. Nyumbani picha ya marehemu iliyobaki ni ile ya kitambulisho, amenuna kama wanavyonuna watu wote kwenye vitambulisho. Na sasa mama yake Adinani, Bi Swaumu, alikuwa ameanza kusema jambo lililomkata mwanawe maini. Sauti ya mumewe anaikumbuka, mwendo wake anaukumbuka, ila kile kicheko kimeanza kumtoka.

"Kila nikikitafuta," alisema, "unanijia uso wa kitambulisho."

Adinani alikuwa ameshawahi kwenda kuomba filamu ile ioneshwe. Aliambiwa filamu za ghalani haziuzwi, haziazimwi, wala haziangaliwi. Leo Mamlaka yenyewe imefungua mlango. Alichukua kadi siku ileile, hata pilau hakula.

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili alifunga cherehani saa kumi jioni akaenda kutazama filamu. Aliona wanaume wakirukiana mateke juu ya mapaa. Aliona wapenzi wakiimbiana kwenye theluji na nguo nyepesi, akawahurumia. Aliona papa akila watu, na wiki iliyofuata akamwona papa yuleyule akila watu walewale, kwa kuwa filamu nyingine haikuletwa. Hakupenda hata moja. Zilipozidi alikuwa akipindia pindo za suruali gizani kwa kupapasa. Filamu ya arobaini ilipokwisha, Imakulata, karani wa dirishani, alimgongea muhuri wa mwisho akampa hongera. Alimwambia yeye ndiye wa kwanza.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. MABUKAMA haikuwahi kufikiria kwamba atatokea mtu wa kufika arobaini. Mpango ulitengenezwa kwa ajili ya taarifa ya mwaka, na katika taarifa ya mwaka ulikuwa umeshafanikiwa sana.

Bwana Abasi aliishika kadi kwa vidole viwili. Alieleza kwa upole kwamba taifa limehangaishwa vya kutosha na watumishi hewa, na kwamba yeye binafsi hatakubali kuhangaishwa na pointi hewa. Iliundwa Kamati ya Uhakiki, watu saba. Ilikaa hotelini siku tatu, ikanywa chai, ikarudi na taarifa ya kurasa arobaini, ukurasa mmoja kwa kila pointi. Umakini wa namna hiyo hauonekani kila siku.

Kamati ilibaini kwamba filamu nane umeme ulikatika kabla hazijaisha, hivyo Adinani alikuwa ameondoka ukumbini bila kujua mwisho, tabia isiyo ya uaminifu. Ilibaini pia kwamba alionekana kwenye kibanda umiza cha Ipuli, anaangalia mpira. Adinani alijieleza kwamba alikwenda kupeleka shati la mteja. Alipobanwa, akasema kweli, alisimama mlangoni kidogo mpaka penalti ikapigwa. Kamati iliandika: amekiri.

Akatakiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba kibandani hana mazoea, akaileta. Akatakiwa arudie zile nane, na kwa kuwa tiketi ya mwisho wa filamu peke yake haipo kwenye mfumo, alizirudia kuanzia mwanzo. Papa alikuwemo. Miezi mitatu ikaenda. Bi Swaumu, ambaye mwanzoni alikuwa akiuliza kila Ijumaa wamefikia wapi, akaacha kuuliza, na alipoacha kuuliza ndipo Adinani alipoumia kwelikweli. Usiku alikuwa akimsikia mama yake akigeukageuka kitandani. Aliona haya kama mtu aliyeahidi mgeni chakula huku jiko halijawashwa.

Basi aliketi akaandika barua. Haikuwa ndefu, mkono wake umezoea sindano:

"Yahusu: malalamiko. Mimi mteja wenu nimeangalia filamu arobaini, na nane kati ya hizo nimeziangalia mara mbili. Sikuomba soda. Sikuomba bisi. Naomba mama yangu amwone baba yangu akicheka. Filamu ni ya dakika kumi na moja. Kamati yenu imekaa siku tatu. Nimekasirika, na ninaandika nikiwa nimekasirika, msije mkasema hamkujua."

Majibu yalikuja baada ya siku tisa, na tukumbuke kuna ofisi hazijibu kabisa. Bwana Abasi alimshukuru kwa mchango wake wa mawazo. Alimkumbusha kwamba, kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne, mtazamaji mwaminifu halalamiki, hivyo kila lalamiko hupunguza pointi tano. Sasa ana thelathini na tano. Aidha, kuanzia tarehe ya barua, kila pointi itathibitishwa na mashahidi wawili wenye kadi, mmoja aliyeketi kulia kwake na mwingine kushoto, watakaoridhika kwamba mhusika ameangalia kwa makini na ameelewa. Watathibitisha kwa saini au kwa dole gumba.

Adinani alikwenda kutafuta pointi tano zake. Alipoketi akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Watu walishazitupa kadi siku nyingi, wengine wanawashia majiko. Ukumbi wote alikuwa yeye na papa. Imakulata, mtumishi wa Mamlaka, hakuruhusiwa kushuhudia. Alichoweza ni kuinamia dirisha lake akamnong'oneza kwamba nakala ya barua ile aipeleke makao makuu, kunakosimamiwa kanda zote, na kwamba yeye hajasema kitu. Adinani akaipeleka, na majibu ya meneja akayaambatanisha.

Ieleweke kwamba makao makuu hawasomi malalamiko, wanasoma utekelezaji. Walichokiona kwenye barua ya Adinani na viambatanisho vyake ni kamati ya watu saba, taarifa ya kurasa arobaini, pointi zilizorudishwa salama mikononi mwa Mamlaka, na mashahidi pande mbili. Wakurugenzi walikaribia kulia. Tangu Mamlaka ianze, hajapatikana meneja aliyeilinda tuzo kiasi hicho, hata isimfikie mtu. Waliagiza kanuni zake zitumike kanda zote, na yeye mwenyewe wakampendekeza awe Mkurugenzi wa Kanda ya Pwani. Maana yake kurudi nyumbani. Sharti lilikuwa moja, na dogo. Kwa kuwa kiongozi ni mfano, kabla ya mwisho wa mwezi Bwana Abasi aangalie filamu moja ya ghala lake mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili wenye kadi, kulia na kushoto. Fomu ililetwa na mkaguzi, Bi Advera, mwanamke wa maneno machache na kalamu mbili.

Bwana Abasi alicheka kwa jinsi lilivyo jepesi. Akaitisha daftari la wenye kadi. Kadi hai ilikuwa moja.

Mchana wa jua kali alitembea kwa miguu mpaka kwa Adinani, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri kupimwa. Akamwita ndugu yangu. Adinani alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kitambaa, ndipo akajibu. Shahidi wa kulia atakuwa yeye. Wa kushoto atakuwa mama yake, aandikiwe kadi leo. Na filamu atachagua yeye. Bwana Abasi alikubali yote kabla hajamaliza kuambiwa. Imakulata aliiandika kadi ile kwa mwandiko wa harusi.

Saa nne asubuhi wakaketi, meneja katikati, Bi Advera nyuma yao. Bi Swaumu alivaa khanga zake za Idi. Taa zikazimwa. Stesheni ikatokea, rangi ya kijivu, na mabonge ya nta, na wanaume kwenye mstari. Dakika ya saba akatokea mmoja mwembamba, bonge begani. Aligeuka, akacheka, akapita. Hazikuzidi sekunde tano.

"Ndiye," alisema Bi Swaumu. "Na lile pengo lake."

Adinani alilia, wala hakuficha. Alilia kwa furaha na kwa hasira ya mwaka mzima na nusu kwa pamoja. Bwana Abasi hakuona lolote, kwani tangu taa zizimwe alikuwa akijibu salamu za pongezi kwenye simu. Taa zilipowashwa aliandika kwenye nafasi ya muhtasari: "Filamu inahusu maendeleo."

Adinani alitia saini. Alichokitaka amekipata, na si mtu wa visasi. Akamsogezea mama yake kidau cha wino. Bi Swaumu akauficha mkono wake ndani ya khanga.

"Weka dole hapo, mama yangu," alisema Bwana Abasi.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia, mama."

"Mume wangu alianza kucheka kabla hajageuka, au baada?"

Bwana Abasi alimtazama Adinani. Adinani akatazama dari. Bi Advera alifungua kalamu ya pili.

"Wewe mtu wa wapi?" aliuliza Bi Swaumu.

"Kisarawe, mama. Mzaramo."

"Ala, kumbe mtani wangu."

Hapo Bwana Abasi alijua amekwisha. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikufanyia lake, kukasirika ni aibu ya ukoo mzima. Ilimbidi atabasamu.

"Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa," alisema Bi Swaumu. "Miezi mitatu, pembe begani. Alipofika kwenu mkamuuzia maji. Wewe dakika kumi na moja kwenye kiti umechoka?"

Bi Advera aliandika: shahidi wa kushoto hajaridhika, onesho lirudiwe.

Lilirudiwa kesho yake saa nne. Bi Swaumu aliuliza bonge lilikuwa bega gani. Siku ya tatu aliuliza nani alikuwa nyuma yake. Siku ya tano, shati lilikuwa na vifungo vingapi, na Bwana Abasi akasema vinne, kumbe vitatu, cha nne kilikuwa kimekatika na yeye Bi Swaumu ndiye aliyekuja kukishona. Adinani alimsihi mama yake amwonee huruma mtu wa watu. Mama alimjibu kwamba kanuni ni kanuni. Simu ya meneja ikawa inabaki ofisini. Alianza kuleta vitumbua, na mto wa kuegemea. Nyumbani Bi Swaumu aliacha kugeukageuka usiku, na mchana Adinani alimkuta akichambua mchele, anacheka peke yake.

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuja barua ya makao makuu. Bwana Abasi aliisoma mbele ya mashahidi wake kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumsomea. Nafasi ya Pwani imepata mtu. Yeye atabaki Tabora mpaka shahidi wa kushoto atakaporidhika. Aliikunja mara mbili, kisha mara ya tatu.

Bi Swaumu alisogeza khanga yake, akapigapiga kiti cha katikati.

"Kaa, mtani," alisema. "Leo uangalie mikono yake."