Sufuria ya Dang'a

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tlawi. Mvua. Baba mkwe, Mzee Qamara, kapita asubuhi. Nikampa shikamoo mara mbili, ili niwe na hakika. Akasema ng'ombe aliyenikabidhi nimtunze keshapoteza ndama wawili mikononi mwangu. Huyu wa tatu aliye tumboni akizaliwa akafa, ng'ombe anahamia kwa Herman. Herman! Jirani ambaye hata jogoo wake anawika kwa majivuno. Nimeumia, lakini akili ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Kazaa alfajiri. Dume la kahawia, miguu ya mnadani kabisa. Mke wangu Kornelia akapaka kitovu iodini, akaniachia agizo moja: ndama anyonye dang'a mapema, yale maziwa ya kwanza mazito, ndiyo kinga yake. Bibi mifugo, Imakulata, ndiye kamfundisha. Kisha akaenda kupakwa majivu kanisani.

Mzee Qamara hafungi Kwaresima, na hupenda dang'a ya kuchemsha kuliko kitu chochote. Mtu aliyeshiba hahamishi ng'ombe. Nikakamua yote, nikachemsha, nikampelekea. Akamaliza sufuria nzima, akaniita mwanangu.

Mchana. Ndama hasimami. Masikio ya baridi. Nikamfunika koti langu la kanisani, wapi. Kornelia karudi, akaiona sufuria. Hakugomba, jambo ambalo ni baya zaidi. Akasema ng'ombe wa Herman naye kazaa leo, nikaombe dang'a, na nikimbie.

Nikakimbia. Herman akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka nirudie habari ya sufuria ili mkewe naye asikie. Nikarudia. Akanipa chupa tele, bado ina joto la kiwele. Kornelia akamnywesha ndama kidogo kidogo, mimi nimeshika kichwa. Niliogopa kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Kasimama. Kanyonya. Kanipiga teke. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Jumapili, 9 Machi
Tumetoka misa tukamkuta Mzee Qamara zizini, habari yote keshaisikia kwa Herman. Ng'ombe anabaki, kasema, ila mwenye kukabidhiwa sasa ni Kornelia. Ndama kampa jina la Herman. Nimemeza.

Wakati wa kuaga akaninong'oneza kuwa hajawahi kula dang'a tamu kama ile. Kumbe mpango ulikuwa sahihi, kasoro ni Kornelia kuwahi kurudi. Mtamba wetu anazaa mwezi ujao. Sufuria nimeificha nyuma ya pipa la mahindi.